Zulia la kijani kwenye tangi la lita 26 lisilo na gesi: uchambuzi wa kisa

Tangi lenyewe la samaki lina urefu wa sentimita 45, upana wa 27 na kimo cha 30. Kwenye karatasi hizo ni lita 36. Ukitoa sakafu, nafasi iliyoachwa juu na mawe matatu, maji halisi ni kama lita 26. Ndani mna samaki wanane wadogo wa aina ya Danio margaritatus na uduvi wekundu wa mapambo. Chujio ni la kuning'inia ukingoni. Taa ni ya LED yenye lumeni 700 (kipimo cha mwanga), inawaka saa tisa kwa siku. Sakafu ni changarawe yenye punje za milimita 3 hadi 5, na nusu ya uso wa maji imefunikwa na Salvinia, mmea unaoelea. Vipimo vya maji: joto nyuzi 28, pH 7.6, ugumu wa kaboneti (KH) digrii 5, ugumu wa jumla (GH) digrii 8, nitrati chini ya miligramu 5 kwa lita. Hakuna mtungi wa kaboni dayoksaidi, na mwenye tangi amesema wazi kwamba hataki kuuweka.

Alichotaka ni zulia, yaani mimea mifupi inayofunika sakafu ya tangi, la Hemianthus callitrichoides, ule mmea wa vijani vya milimita chache unaoonekana kwenye karibu kila picha ya tangi lililopandwa kwa ustadi. Alinunua vikombe viwili, akavigawa mafungu makubwa kumi, akapanda. Kwa wiki mbili yalionekana mazima. Wiki ya tatu majani ya chini yakawa ya manjano, kisha yakageuka ute. Wiki ya tano mafungu yakaanza kung'oka yenyewe na kuelea. Sasa anauliza apande nini badala yake.

Swali hilo lina sehemu mbili. Mmea haukufaa tangi hili, hilo ni kweli, lakini hata mmea unaofaa ungetaabika kwenye changarawe ile na chini ya kivuli kile.

Kilichoua zulia la kwanza

Tuanze na kaboni, kwa sababu ndiyo iliyopungua kuliko vyote. Kwa KH na pH unaweza kukadiria gesi ya kaboni dayoksaidi iliyomo majini: zidisha 3 kwa KH, kisha zidisha kwa 10 iliyopandishwa kwenye kipeo cha 7 toa pH. Hapa ni 3 × 5 × 0.25, yaani karibu miligramu 4 kwa lita. (Hesabu hii inafaa tu pale ambapo kaboneti ndiyo inayoshikilia pH. Ukiwa na magogo yanayotoa tindikali au udongo maalumu wa akwariamu, jibu linapotoka.) Hemianthus iliyositawi kwenye picha hupandwa kwenye miligramu 20 hadi 30. Isitoshe, gesi husambaa majini polepole mara elfu kumi hivi kuliko hewani, kwa hiyo jani lililo chini kabisa ya tangi, lililobanana na wenzake, linangoja kaboni isiyofika.

Ndiyo maana pia wiki mbili za mwanzo zilidanganya. Miche ya vikombe hukuzwa maabara juu ya jeli yenye sukari, na miche ya vikapu hukuzwa hewani kwenye unyevu mwingi. Inafika tangini ikiwa na akiba. Inaishi kwa akiba hiyo kwa siku kumi hadi ishirini, na mpandaji anaamini kwamba imeshika. Akiba ikiisha, mmea unayala majani yake ya zamani ili utoe mapya. Pasipo kaboni ya kutosha, mapya hayaji na ya zamani yamekwisha kuliwa.

Joto la nyuzi 28 liliongeza tatizo: maji ya moto hushika gesi pungufu, huku mmea ukipumua haraka na kutumia zaidi ya unachotengeneza. Halikuwa zuri kwa samaki pia. Danio margaritatus anatoka madimbwi ya nyanda za juu za Myanmar, na nyuzi 22 hadi 26 ndizo zinazomfaa.

Halafu kuna mwanga. Lumeni 700 kwa lita 26 ni karibu 27 kwa lita, kiasi cha wastani. Salvinia ilikuwa ikila nusu ya mwanga huo kabla haujaingia majini, na kwenye pembe za mbele, mbali na katikati ya taa, huenda kilichofika sakafuni kilikuwa kidogo mno.

Na changarawe. Mizizi ya Hemianthus ni nyembamba kama nywele na haiendi chini sana. Kati ya punje za milimita 5 kuna mapengo makubwa kuliko mzizi wenyewe, kwa hiyo haukuwa na cha kushika. Kupanda kwa mafungu makubwa kukamalizia kazi: vijani vya chini vya fungu havikuwahi kuona mwanga wala mkondo wa maji. Ukilichunguza fungu lililoelea utaona tabaka mbili. Juu kuna milimita 5 hivi za kijani hafifu, na chini kuna mkeka wa vishina vya kahawia usio na mzizi hata mmoja mweupe. Fungu linaloelea likiwa na mizizi myeupe, hadithi yake ni nyingine. Hilo limeng'olewa na samaki, konokono au mkondo, na ukilipanda upya linaishi.

Kubadili mmea au kuweka gesi

Kwa kuwa wengi wakifika hapa hununua mtungi, ni haki kueleza ungehitaji nini. Kwa KH 5, kufikia miligramu 30 maana yake ni kushusha pH kutoka 7.6 hadi 6.7. Kwenye lita 26 unaanza na kiputo kimoja kila sekunde mbili, ukifungua gesi saa moja hadi mbili kabla ya taa kuwaka na kuifunga taa inapozimwa. Gesi ikizidi, samaki hupanda juu wakihema na uduvi hulala ubavu. Tangi dogo halina nafasi ya kusamehe: kosa la vali ambalo lita 200 zingelimeza kimya, lita 26 zinaua nalo usiku mmoja. Mwenye tangi asiyetaka kazi hiyo yuko sahihi kuikataa.

Chupa zinazouzwa kwa jina la kaboni ya maji hazichukui nafasi ya gesi. Nyingi ni gluteraldehaidi, dawa inayodhoofisha mwani, na mimea kadhaa, Vallisneria na Riccia ikiwemo, huumia nayo.

Kuna pia njia ya kuotesha zulia bila maji: unalowesha sakafu, unafunika tangi kwa plastiki, unasubiri wiki nne hadi nane zulia lifunge, kisha unajaza maji. Inafanya kazi vizuri kwa wenye gesi. Bila gesi unaahirisha kifo tu, maana siku ya kujaza maji akiba ileile inaanza kuliwa. Na hapa samaki wamo tayari.

Basi ni kubadili mmea. Kanuni tunayoifuata ni kutazama kwanza kinachopungua tangini na kuuliza ni mmea gani unaoweza kuishi na upungufu huo. Hapa kinachopungua ni kaboni, na kimo cha sentimita 30 kinaongeza sharti la pili: usizidi sentimita 6 au 7, la sivyo si zulia tena, ni kichaka.

Waombaji

Glossostigma elatinoides inaondolewa mara moja. Mwanga ukipungua inaacha kutambaa, inapanda juu kwa vishina virefu vyenye majani mawili mawili.

Micranthemum tweediei, inayojulikana zaidi kwa jina la Monte Carlo, ndiyo inayopendekezwa kila mahali kama mbadala wa Hemianthus. Ni imara zaidi, na bila gesi inaweza kuishi ikipata mwanga wa kutosha. Lakini kuishi ni jambo moja na kufunga sakafu ni jingine. Kwa miligramu 4 za gesi itatambaa polepole sana na pembeni itakonda. Tuliiruhusu kama jaribio tu.

Eleocharis: E. acicularis hufika sentimita 10 hadi 15, ndefu mno hapa. Ile fupi, E. pusilla, inayouzwa kwa jina la Mini, ina kimo kizuri. Tatizo lake ni kwamba kwenye ukuaji wa polepole nyuzi zake nyembamba hugeuka makao ya mwani, na mwani ukishajisokota humo huwezi kuutoa bila kung'oa nyasi zenyewe. Lilaeopsis brasiliensis ina jani pana zaidi kidogo na inasafishika, ila ni mzito wa kukua na inapenda mwanga mwingi kuliko huu.

Sagittaria subulata ndiyo rahisi kuliko zote. Inatambaa bila gesi, haichagui maji. Ubaya ni kwamba kimo chake hakitabiriki. Leo sentimita 6, baada ya miezi mitatu jani moja linafika uso wa maji, na kukata ncha hakumbadilishi tabia. Kwenye tangi la kimo cha 30 ni kamari.

Helanthium tenellum ilikaribia kuchaguliwa. Sentimita 5 hadi 10, hutuma matawi tambazi kila upande, hula kwa mizizi. Ikikosa chuma majani mapya hutoka ya manjano mepesi, jambo ambalo kidonge cha mbolea sakafuni hulitatua. Ambaye ana tangi la kimo cha 40 na kuendelea aanzie hapa.

Cryptocoryne parva haizidi sana sentimita 5, na haihitaji gesi. Ni mmea wa subira: jani moja jipya kwa wiki mbili tatu si ajabu. Kujaza eneo lote nayo ni kununua miche mingi mno na kungoja mwaka au zaidi. Lakini kuzunguka miguu ya mawe inapendeza, kwa sababu haitambai ikavamia.

Ilishinda Marsilea hirsuta, jimbi dogo lenye asili ya Australia. Shina lake hutambaa chini ya mchanga, linastahimili mwanga wa wastani na gesi kidogo, jani lake ni gumu kiasi kwamba mwani unaweza kufutwa kwa kidole, na mara likishashika halielei. Ubaya wake tuutaje mapema: miezi miwili ya kwanza utadhani hakuna kinachotokea.

Hatukuchanganya Marsilea na Helanthium kwenye eneo moja. Helanthium ingetangulia na kuitia kivuli. Mpango ukawa Marsilea mbele yote, vishina sita vya Cryptocoryne parva kwenye mawe, na kiraka cha Monte Carlo cha sentimita 6 kwa 6 chini kabisa ya katikati ya taa.

Sakafu kwanza

Eneo la zulia ni sentimita 45 kwa 16, yaani 720 za mraba. Kwa kina cha sentimita 4 linahitaji mchanga wa karibu lita 2.9, uzito wa kilo 4.5 hivi. Punje ziwe za milimita 0.8 hadi 1.5. Mchanga wa punje chini ya nusu milimita hugandamana, hewa haipiti, na baada ya miezi chini yake kunakuwa na weusi na harufu ya yai viza.

Udongo maalumu wa akwariamu uliwekwa kando kwa sababu mbili. Unapokuwa mpya aina nyingi hutoa amonia kwa wiki kadhaa, na samaki wamo. Pia hunyonya KH. Kwa maji ya digrii 5 yanayoongezwa kila wiki, pH ingekuwa inashuka na kupanda kila siku ya kubadilisha maji, na uwezo huo wa udongo ungechoka mapema. Kwa tangi jipya lisilo na samaki uamuzi ungekuwa mwingine.

Kubadili sakafu: samaki na uduvi wahamie kwenye ndoo yenye maji ya tangi lenyewe, chujio likiendelea kufanya kazi humo humo ili bakteria wanaosafisha maji wasife. Punguza maji hadi sentimita 5 juu ya changarawe. Chomeka ukanda wa plastiki ngumu kutenganisha nyuma na mbele, kisha chota changarawe ya mbele kwa kikombe huku mpira wa kufyonzea ukivuta tope linaloinuka. Ukiruka hatua ya tope, amonia itapanda siku hiyohiyo. Mwaga mchanga uliooshwa, na katika kina cha sentimita 3 zika vidonge sita vya mbolea ya mizizi, kila kimoja kikihudumia kama sentimita 120 za mraba. Visiguse uso. Kidonge kinachopasukia juu humwaga amonia majini. Siku kumi zinazofuata pima amonia na nitriti. Amonia ikizidi miligramu 0.25 kwa lita badilisha nusu ya maji.

Kupanda

Marsilea inakuja kwenye kikapu, mizizi ikiwa imeshikwa na pamba ngumu ya kijivu. Itoe pamba yote chini ya maji, kwa kibano na subira, maana inayobaki huelea miezi. Utaona shina tambazi la kijani lenye fundo kila sentimita moja au mbili, kila fundo na jani lake juu na kishungi cha mizizi chini. Kata kwa mkasi ili kila kipande kiwe na mafundo mawili au matatu. Kikapu kilichojaa hutoa vipande 20 hadi 25, na kwa nafasi ya sentimita 3 eneo hili linahitaji vipande karibu 80, yaani vikapu vinne. Ukipanda kwa nafasi ya sentimita 4 vipande 45 vinatosha, ila unaongeza miezi ya kusubiri, na mchanga ulio wazi ndio mwani unaoupenda.

Acha maji ya sentimita 3 tu wakati wa kupanda. Shika kipande kwa kibano kwenye fundo la nyuma, kiingize kwa mshazari wa digrii kama 45 hadi mizizi izame, kisha fungua kibano kidogo sana na kukivuta kikiwa kimeegemea upande. Ukikifungua kwa upana kipande kinatoka nacho. Shina lenyewe lizikwe milimita 5. Majani yaachwe nje. Jaza maji juu ya sahani au mfuko wa plastiki ili mchanga usifukuke.

Monte Carlo ya jaribio ilivunjwa mafungu madogo ya vishina vitatu hadi vitano, si zaidi.

Miezi inayofuata

Majani ya Marsilea yaliyokuzwa hewani yana vipande vinne. Ndani ya wiki tatu mengi yatakuwa ya manjano. Yakate chini, usiyaache yaoze. Yale ya majini hutoka yakiwa tofauti kabisa: jani moja la mviringo mrefu, kijani iliyoiva, kimo cha sentimita 2 hadi 5. Likitokea jani la kwanza la namna hiyo, hapo ndipo mmea umeshika. Baadaye likichomoza jani refu lenye vipande vinne, kata shingo yake sakafuni.

Muda wa taa kuwaka ulipunguzwa kutoka saa 9 hadi 6 kwa siku mwezi wa kwanza, kisha ukawa 7. Kuongeza mwanga ili kufidia kukosekana kwa gesi ndilo kosa linaloleta mwani wa nyuzi. Salvinia ilifungiwa ndani ya pete ya mpira wa hewa upande wa nyuma. Joto liliteremshwa hadi 25.

Mbolea: samaki wanane wadogo hawatoshi kulisha zulia. Gramu 10.5 za nitrati ya potasiamu kwenye nusu lita ya maji safi. Mililita 10 za mchanganyiko huo kwa wiki huongeza nitrati miligramu 5 na potasiamu miligramu 3 kwa lita kwenye lita 26. Fosfati inatokana na chakula cha samaki. Madini madogomadogo, chuma yakiwemo, kwa nusu ya kipimo cha kwenye chupa. Kiasi kidogo cha shaba kilichomo hakidhuru uduvi, ila dawa za samaki zenye shaba huwaua. Maji yanabadilishwa theluthi moja kila wiki, na mpira unapitishwa sentimita 2 juu ya majani bila kuuchomeka mchangani.

Wiki za mwanzo unga wa kahawia wa daiatomu (mwani mdogo sana) kwenye mchanga ni wa kawaida, konokono wataumaliza. Ukitokea utando wa kijani-bluu unaoteleza wenye harufu kali, hasa kati ya mchanga na kioo, huo ni sayanobakteria. Ufyonze, ongeza mkondo upande huo, pima nitrati isiwe sifuri, na ukirudi funika tangi giza kwa siku tatu au nne.

Matawi tambazi ya kwanza yalionekana mwezi wa tatu, yakitokeza mchangani sentimita mbili tatu kutoka kwenye mama yao. Sehemu ya katikati ilifunga mwezi wa sita, pembe za mbele zikiwa bado na mapengo. Hapo dawa ni kung'oa vipande kumi kutoka katikati na kuvipandikiza pembeni, pamoja na kuzika vidonge vipya, ambavyo kwa kawaida huhitaji kurudishwa kila miezi miwili au mitatu. Kiraka cha Monte Carlo kilikuwa hai, kikiwa kimepanuka kwa vidole viwili upande wa taa na kukonda upande wa jiwe. Kiachwe kilipo. Kikianza kuwa kinene kuliko sentimita 2 kipunguzwe kwa mkasi, kwa sababu tabaka la chini likishakosa mwanga litaachia mizizi na kiraka chote kitaelea.